Jini la Chupa na Shaba ya Panda

Sinema ya zamani ilikuwa na makapi yake. Ndani ya kibanda cha mwendesha mtambo, projekta ilipata mwanga kutoka kwa vijiti viwili vya kaboni vilivyokaribianishwa ncha kwa ncha na kupitishiwa umeme. Mwale uliowaka kati ya ncha hizo ulikuwa mkali wa kuumiza macho yasiyo na miwani ya giza. Vijiti vingi vilivishwa ganda jembamba la shaba ili umeme upite vizuri, na kaboni ilipolika, shaba nayo iliyeyuka, ikadondoka chini ya taa tone kwa tone na kuganda kama gololi zilizopondeka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Marekani iliwaomba wenye majumba ya sinema wasiyatupe matone hayo. Yakusanywe, yarudishwe viwandani, kwa kuwa vita vilikuwa vinakula shaba kuliko iliyokuwepo.

Tone la shaba halina cheti cha kuzaliwa. Hakuna awezaye kulishika mkononi akasema lilichimbwa wapi. Ila miaka hiyo Katanga, kusini mwa Kongo, ilikuwa mojawapo ya machimbo makubwa ya shaba duniani, na mawe yake mengi yalipitia Panda. Leo Panda ni moja ya komini nne za mji wa Likasi, pamoja na Kikula, Shituru na Likasi yenyewe. Enzi za Wabelgiji mji uliitwa Jadotville, jina lililofutwa 1966, na Panda palikuwa mahali pa moshi: mitambo ya kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ya kuchambua mawe, tanuri za kuyeyushia shaba, na baadaye tanuri za umeme za kobalti. Kobalti nayo iliingia sinema kwa mlango wake. Sumaku kali zilizokuja kuwekwa ndani ya spika za majumba ya sinema zilitengenezwa kwa chuma kilichochanganywa na alumini, nikeli na kobalti.

Historia ya sinema huandikwa kwa majina ya waigizaji na waongozaji. Ukiiandika kwa majina ya madini, Afrika ya Kati haiingii tena mwishoni kama mgeni aliyechelewa karamu. Imo tangu mwanzo: mara ni malighafi, mara ni mandhari ya kukatwa na kubandikwa, mara ni mtazamaji aliyekaa mbele ya shuka jeupe huku afisa fulani akiandika daftarini kwamba mtu huyu haelewi anachokiona.

Tuanze na rangi. Filamu za kwanza hazikuijua. Utepe ulishika mwanga na giza tu, kwa chembe za fedha zilizotapakaa ndani ya gelatini. Watazamaji wakataka rangi tangu siku za mwanzo kabisa, na mafundi wakawapa kwa njia ya karibu iliyopatikana, yaani brashi. Mwaka 1895 filamu fupi ya Edison ya mcheza ngoma Annabelle ilipakwa rangi kwa mkono ili nguo yake ibadilike akizunguka. Paris, bibi mmoja aitwaye Elisabeth Thuillier alikuwa na karakana iliyoajiri wanawake zaidi ya mia mbili, kila mmoja na rangi yake. Wa nyekundu alipaka nyekundu tu, akampisha wa kijani. Picha moja ya filamu ina upana wa sentimita mbili na nusu hivi, na filamu ya Georges Méliès ya safari ya mwezini, ya 1902, ina picha zaidi ya 13,000. Nakala yake ya rangi ilidhaniwa imepotea hadi ilipoibuka Hispania 1993, ikiwa imegandamana kama mkate wa kuchacha. Ilirekebishwa na kuoneshwa tena 2011.

Brashi ilikuwa ghali. Njia rahisi zaidi ilikuwa kuuchovya utepe mzima katika rangi ya maji: njano ya kaharabu kwa chumba chenye taa, nyekundu kwa moto, buluu kwa usiku. Hapa rangi na kiini macho vilikutana mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Filamu za wakati ule hazikuweza kupiga picha gizani. Mwizi aliruka ukuta saa saba mchana, jua la utosi. Ni chombo cha buluu kilichomgeuzia saa.

Njia ya pili ilikuwa ya kemia hasa. Utepe ulioshwa katika dawa iliyoitoa fedha na kuweka chumvi ya madini mengine mahali pake. Chuma kilileta buluu ya bahari ya kina. Shaba ilileta wekundu wa matofali. Urani ilileta rangi ya machungwa iliyoelekea udongo mwekundu, rangi ambayo mtu wa Katanga haihitaji kuelezwa. Ukichovya kwa rangi, sehemu nyeupe za picha ndizo hubadilika kwanza. Ukibadilisha madini, vivuli ndivyo hubadilika na nyeupe hubaki nyeupe. Fundi hodari alifanya yote mawili juu ya utepe mmoja: milima ya wekundu wa urani, anga ya buluu nyuma yake. Kampuni ya Kodak iliwachapia mafundi vitabu vya maelekezo vyenye vipimo vya dawa hizi, kama vile vitabu vya mapishi.

Urani hiyo ya mwanzo ilitoka Bohemia na Colorado. Halafu mwaka 1915 mpelelezi wa madini Mwingereza, Robert Rich Sharp, aliyefanya kazi na Union Minière, akakuta mawe yenye manjano na kijani cha ajabu mahali paitwapo Shinkolobwe, kilomita ishirini hivi kutoka Likasi. Kilichotafutwa humo kilikuwa madini ya radi (radium), yaliyouzwa kwa bei ya kutisha kwa ajili ya matibabu. Mawe yalipelekwa Ubelgiji, na kiwanda cha Olen kikaanza kutoa radi 1922. Urani yenyewe ilikuwa masalio. Wanunuzi wake walikuwa watengenezaji wa vyungu na vioo vya rangi, pamoja na wapiga picha. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka kama ishirini, hadi jeshi la Marekani lilipoyatafuta mawe hayohayo kwa kazi ya bomu.

Hila za kamera zina kuzaliwa kwake, na nako kuna damu. Agosti 1895, katika kampuni ya Edison, Alfred Clark alitaka kuonesha Malkia Mary wa Uskoti akikatwa kichwa. Akamlaza mwigizaji kwenye gogo, mshika shoka akainua mikono, Clark akaamuru watu wote wagande. Kamera ikazimwa, mwigizaji akatoka, sanamu ikalazwa mahali pake, kamera ikawashwa. Shoka likashuka. Filamu nzima haifiki nusu dakika.

Mwaka uliofuata Méliès aliifanya hila hiyo kuwa kazi ya maisha. Alikuwa mtu wa mazingaombwe kabla ya kushika kamera, mwenye ukumbi wake Paris. Yeye mwenyewe alipenda kusimulia kwamba kamera yake ilikwama barabarani kwa dakika moja, na alipoutazama utepe akaona gari la abiria limegeuka gari la maiti. Simulizi tamu, lakini mwenye kazi ya mazingaombwe akikueleza alivyojifunza mazingaombwe, msikilize kwa sikio moja. La hakika ni kwamba kabla ya karne ya 20 haijaanza alishajua kumfanya mtu atoweke, ajigawe mara saba, na acheze na kichwa chake mwenyewe.

Afrika Mashariki iliingia humo 1909, tena bila kuombwa ruhusa. Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, alishuka Mombasa Aprili mwaka huo kwenda kuwinda. Huko Chicago, mwenye kampuni ya filamu William Selig hakusubiri. Alimnunua simba mzee, akamtafuta mwigizaji anayefanana na Roosevelt kwa masharubu na miwani, akapanda vichaka ndani ya studio na kuwapaka weusi watu wa kucheza wapagazi. Simba alipigwa risasi kwelikweli mbele ya kamera. Filamu ikatoka Roosevelt akiwa bado porini, ikauza sana. Cherry Kearton, Mwingereza aliyempiga picha Roosevelt halisi katika nchi halisi, alipoleta filamu yake 1910, watazamaji waliona inapwaya. Haikuwa na simba anayekufa.

Studio zilijifunza kwamba Afrika ya uongo inalipa, na Afrika ya kweli ni stoo ya kuchotea picha. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilimtuma W. S. Van Dyke na kikosi kizima kupiga Trader Horn. Walizunguka Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo kwa miezi mingi, wakarudi na malaria pamoja na shehena ya tepe. Mtu mmoja wa Afrika Mashariki, Mutia Omoolu, aliyecheza mbeba bunduki Rencharo, alipelekwa hadi Hollywood kumalizia sehemu zilizobaki. Filamu ilitoka 1931, na mabaki yake hayakutupwa. Mwaka uliofuata MGM ilitoa Tarzan yake ya kwanza, akichezwa na Johnny Weissmuller, aliyekuwa bingwa wa kuogelea. Weissmuller hakukanyaga Afrika. Alisimama studioni mbele ya kioo kikubwa ambacho nyuma yake projekta ilirusha wanyama na watu waliopigwa picha na kikosi cha Van Dyke, kamera ikawanasa wote pamoja. Mtazamaji wa Dar es Salaam aliyeiona angeweza kumtambua jirani, lakini jirani huyo na Tarzan hawakuwahi kupumua hewa moja.

Mchotaji mwingine alikuwa Merian C. Cooper, ambaye pamoja na mwenzake Ernest Schoedsack alikuja Afrika mwishoni mwa miaka ya 1920 kupiga picha za The Four Feathers. Walipata viboko wakiporomokea mtoni na nyani wengi ajabu, na picha hizo zikaunganishwa na za waigizaji waliokuwa California. Nyani wale hawakumtoka Cooper kichwani. Kutoka kwao mawazo yake yalihamia kwa sokwe mkubwa, na 1933 akatoa King Kong. Sokwe mwenyewe alikuwa mwanasesere wa kama sentimita 45, mifupa ya chuma iliyovishwa manyoya ya sungura, akisogezwa kidogo kidogo na fundi Willis O'Brien na kupigwa picha moja moja. Ukiitazama kwa makini utaona manyoya yakitikisika ovyo mgongoni. Ni alama za vidole vya mafundi, zimebaki hadi leo.

Cooper huyohuyo ndiye aliyeibeba rangi. Kampuni ya Technicolor ilianzishwa Boston 1915, ikahangaika miaka mingi na mfumo wa rangi mbili uliofanya nyuso zipendeze na anga iwe mbaya. Mfumo wa rangi tatu ulipokamilika 1932, Walt Disney aliujaribu kwenye katuni, na Cooper akamshawishi tajiri Jock Whitney aweke fedha. Filamu yao Becky Sharp ya 1935 ndiyo ndefu ya kwanza kupigwa yote kwa mfumo huo.

Namna ilivyofanya kazi inastahili kuelezwa, kwa sababu ni ufundi wa chuma na kioo kuliko wa dawa. Nyuma ya lenzi palikuwa na bonge la kioo lenye utando kama wa kioo cha kujitazamia. Sehemu ya mwanga ilipenya na kufika kwenye utepe mmoja ulioshika kijani. Sehemu nyingine iligeuzwa pembeni hadi kwenye tepe mbili zilizolaliana, wa mbele ukishika buluu na wa nyuma nyekundu. Hakuna kati ya tepe hizo uliokuwa na rangi. Zote tatu zilikuwa nyeusi na nyeupe. Kiwandani zilitengenezwa nakala tatu za gelatini yenye mabonde na vilima, kila moja ikanyweshwa wino wake, kisha zikagandamizwa kwa zamu juu ya utepe mtupu. Aliyewahi kuona kitenge kikichapwa, rangi moja ikifuata nyingine bila kukosea mstari, ameshaelewa Technicolor.

Gharama yake ilikuwa mwanga. Mwanga uliogawanywa mara tatu ni mwanga haba, kwa hiyo studio zilijazwa taa za kaboni hadi joto likazidi nyuzi 38. Kamera hazikuuzwa kwa mtu. Zilikodishwa pamoja na fundi wake na mshauri wa rangi juu.

Hila nzuri kuliko zote za rangi za wakati ule haikuhitaji mtambo wowote. Katika The Wizard of Oz ya 1939, Dorothy anafungua mlango wa nyumba ya hudhurungi na kuikuta nchi yenye rangi zote. Watu wengi hudhani utepe ulibadilishwa hapo. La hasha. Sehemu hiyo ilipigwa yote kwa Technicolor, ila ndani ya nyumba palipakwa hudhurungi, na msichana anayefungua mlango, akionekana kwa mgongo, ni mwigizaji mbadala aliyevalishwa gauni la hudhurungi. Anarudi nyuma, anatoka kwenye picha. Judy Garland anaingia na gauni la buluu. Ni mlango, rangi ya ukuta na wanawake wawili tu.

Mwaka uliofuata likaja jini. The Thief of Bagdad ya 1940, iliyoanzwa Uingereza na kumaliziwa Marekani kwa sababu ya vita, ina kisa ambacho hakuna mtoto wa pwani asiyekijua: chupa ufukweni, kizibo, moshi, kisha jitu. Jini alichezwa na Rex Ingram, Mmarekani mweusi, na kijana aliyemfungua ni Sabu kutoka India. Swali lilikuwa namna ya kumweka mtu mkubwa kama nyumba karibu na mvulana katika filamu ya rangi. Fundi Larry Butler alimweka mwigizaji mbele ya pazia la buluu. Kwa kuwa kamera ya Technicolor ilikwisha kuzitenga rangi tatu, utepe wa buluu ulionesha pazia likiwa jeupe, na ule wa nyekundu ukalionesha jeusi. Kwa kuilinganisha tofauti hiyo Butler alipata kivuli cheusi chenye umbo kamili la jini. Kivuli kikatoboa tundu katika picha ya ufukwe, jini akamiminwa tunduni. Ufundi huo ulipewa tuzo ya Oscar, na kitambaa cha kijani wanachotundika leo vijana wa Wakaliga, Kampala, wanaotengeneza filamu zao za mapigano kwa kompyuta za kuungaunga, ni mjukuu wa pazia lile.

Turudi Katanga, tena 1915, mwaka wa Shinkolobwe na wa Technicolor, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea. Kati ya Julai na Agosti treni iliyotoka Cape Town ilipita Elisabethville (Lubumbashi ya leo), ikakata nchi ya Likasi na kuishia Fungurume, ambapo reli ilikuwa imekoma. Juu ya mabehewa palikuwa na mashua mbili za vita za Kiingereza, kila moja mita kumi na mbili hivi, zenye majina ya mchezo: Mimi na Toutou. Kamanda wao Geoffrey Spicer-Simson, mtu wa majivuno aliyependa kuvaa sketi, alitakiwa kuzifikisha Ziwa Tanganyika ili wazivunje meli za Wajerumani. Kutoka Fungurume zilivutwa kwa matrekta ya mvuke, ng'ombe na mikono ya watu kuvuka milima ya Mitumba, kisha zikashuka Lualaba kutoka Bukama. Zilifika ziwani Oktoba. Siku ya pili ya Krismasi ziliiteka Kingani, na Februari 1916 Waingereza wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilizamishwa baadaye na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma. Iliopolewa 1924 na kuitwa Liemba.

Kutoka mkasa huo C. S. Forester alitunga riwaya The African Queen, ya 1935, na kutoka riwaya hiyo John Huston akatengeneza filamu 1951. Aliitaka rangi, na aliitaka Afrika yenyewe, jambo ambalo wenye fedha waliliona wazimu. Kikosi kiliweka kambi Biondo, katika msitu wa Kongo ya Wabelgiji, kwenye mto Ruiki unaomwaga maji yake Lualaba, mto uleule ulioibeba Mimi. Mpiga picha alikuwa Jack Cardiff, bingwa wa Technicolor wa Uingereza.

Mashua ya filamu ilikuwa ndogo. Kamera ya tepe tatu na kasha lake la kuzuia kelele vilikuwa mzigo wa watu kadhaa. Wakaunda vyelezo. Juu ya chelezo kimoja ilijengwa nakala ya sehemu ya mashua ili kamera ipate nafasi, juu ya kingine taa, juu ya kingine jenereta. Vyelezo vyote vilifungwa kamba na kukokotwa mtoni kama msafara wa harusi, na kila kona ya Ruiki ilileta tawi la mti la kufagia taa. Usiku mmoja mashua yenyewe ilizama, ikaopolewa kwa nguvu za watu. Katharine Hepburn, aliyewasuta wenzake kwa ulevi, alikunywa maji na kushikwa na tumbo la kuhara. Humphrey Bogart na Huston walikunywa wiski na kubaki wazima.

Baadaye walihamia Uganda: Butiaba kwenye Ziwa Albert, na maporomoko ya Murchison. Tagi la kazi za ziwani lilivishwa bendera na kuwa meli ya Wajerumani, Louisa.

Sasa hila. Robert Morley, anayecheza mchungaji kaka yake Hepburn, hakufika Afrika kabisa. Alipigwa picha Uingereza, na anayeonekana kwa mbali kijijini ni mtu mwingine. Bogart na Hepburn wanapotumbukia majini kuisukuma mashua matetini, maji hayo ni ya tangi la studio karibu na London, sababu maji ya kweli yalikuwa na kichocho na mamba. Mashua inayopita kwenye maporomoko ni ya mfano. Basi filamu iliyosifiwa kwa kupigwa Afrika yenyewe ni viraka vya mabara mawili, na mshono uko palepale mwigizaji anapolowa. Hiyo si aibu. Cardiff aliulinganisha mwanga wa London na wa Ruiki kwa ustadi ambao hadi leo mtazamaji hupita juu ya mshono bila kujikwaa.

MGM ilikuwa imetangulia kwa mwaka mmoja na King Solomon's Mines, ya Technicolor, iliyompa Robert Surtees Oscar ya upigaji picha wa rangi, na Kiswahili kikisikika humo bila tafsiri. Studio haikusahau tabia yake. Picha za ziada za filamu hiyo zilitumika tena 1959 kutengenezea Watusi, na mwaka huohuo katika Tarzan mpya, ambamo hata vipande vya Weissmuller vya rangi nyeusi na nyeupe vilitiwa rangi na kubandikwa. Ng'ombe wa picha hukamuliwa hadi damu.

Na watazamaji je? Huku tembo na mito yao ikishonwa huko Hollywood, maofisa wa kikoloni walikuwa wakijadili kama watu wa huku wana akili ya kuziona hila. William Sellers, aliyeongoza kitengo cha filamu za kikoloni kilichoanzishwa London 1939, alishikilia kwamba filamu za Waafrika ziende polepole, zisisogelee uso, zisiwe na hila yoyote ya kamera. Hadithi moja ilirudiwa kila mahali: wanakijiji wameoneshwa mbu mkubwa kama ukuta, wakasema asanteni, ila kwetu mbu ni wadogo. Mtu aliyesikia utani wa watani angeshuku kwamba afisa ndiye aliyetaniwa. Wabelgiji walikuwa wakali zaidi. Amri ya 1936 ilizuia kupiga filamu Kongo bila kibali, ya 1945 ikawafungia Wakongo sinema zisizoidhinishwa kwa ajili yao, na 1952 mkuu wa huduma ya filamu, L. Van Bever, alichapa kitabu kizima juu ya sinema ya Waafrika akidai kwamba hawajakomaa kwa sanaa hiyo.

Ajabu ni kwamba wamisionari waliokuwa karibu na watu walifanya kinyume. Padri Alexandre Van den Heuvel aliunda katuni za Mboloko, paa mdogo mjanja wa ngano za Kongo, ambaye kazi yake yote ni kuwahadaa wakubwa. Jamii iliyolelewa na Mboloko, Sungura na Kalulu ikaambiwa haijui hila ni nini!

Ushahidi mzuri kuliko wa maofisa uko ng'ambo ya mpaka, katika mji mwingine wa shaba. Mwanaanthropolojia Hortense Powdermaker alikuwa ameandika kitabu juu ya Hollywood 1950, kisha 1953 akaenda Luanshya, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), akakaa na wachimba migodi na kuhudhuria sinema zao za uwanjani. Alikuta kelele tupu: watu wamesimama, wanarusha ngumi hewani, wanamwelekeza shujaa wa farasi waliyembatiza jina Jeke, jina lake lilelile katika kila filamu. Alikuta pia mabishano, mengine yakiendelea hadi nyumbani, juu ya kipi ni kweli na kipi cha kuigiza.

Kambi za Union Minière za Katanga nazo zilioneshwa sinema jioni, na watoto waliokaa mbele ya shuka hilo wakati Huston akipiga filamu Biondo sasa wamepita miaka themanini. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wa Lubumbashi wamefanya kazi kubwa ya kukusanya kumbukumbu za wafanyakazi wa migodi na familia zao. Sinema inadai sura yake humo. Kwa hiyo msomaji mwenye nkambo, yaani babu au bibi, huko Panda, Kikula au Shituru asingoje chuo. Achukue simu yake, akae naye barazani, amwulize Tarzan na Jeke walizungumza lugha gani siku ile, nani alifasiri, watu walipiga kelele wapi na walinyamaza wapi. Amwulize pia nani alikuwa akiendesha mtambo, na matone ya shaba yaliyodondoka chini ya taa yalikuwa yakienda wapi.